Majina Niliyowapa Paka wa Koko Tereza

Nilipokuwa na miaka tisa nilikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyenipa wala kunilipa: kila siku nikitoka masomo, nilimsaidia Koko Tereza kulisha paka. Hakuwa bibi yangu wa damu. Kwetu Butembo mwanamke akizeeka anakuwa koko wa mtaa mzima, mpaka siku mtaa utakapomchoka. Huyu alikuwa mtu wa Beni, upande wa Beu. Alikimbia mauaji, akaja kupanga kachumba nyuma ya nyumba yetu huku Vulamba. Watu walioshuka naye kwenye lori walikuwa na magodoro na masufuria. Yeye alishuka na kikapu, na ndani ya kikapu mlikuwa na paka.

"Batu babeba batoto, yeye anabeba paka," Mama alisema, na hakujisumbua kupunguza sauti.

Lazima nieleze paka ni nini kwetu, maana nimesikia kuna miji ambako analala kitandani. Kwetu paka ni mlinzi wa maharagwe. Ananyimwa chakula ili awinde panya, haitwi jina, na watu wakihama wanamwacha, kwa sababu inasemekana yeye ni wa nyumba na si wa watu. Akilia kama mtoto mchanga, akina mama wanafunga madirisha. Wanasema ametumwa na mulozi, ndivyo tunavyomwita mchawi, na anapolia anachagua mtu. Miaka ile watu walihamahama kila wiki, kwa hiyo nyumba zilizofungwa zilijaa paka wenye njaa, na vilio havikuisha. Watu waliokota mawe. Koko yeye aliokota paka.

Alikuwa na namna yake. Alimtega paka kwa ndakala, wale dagaa wakavu, wawili watatu, akamtia kwenye gunia lililotobolewa ili apumue bila kuona njia, na akifika nyumbani alimpaka mawese miguuni. "Akijilamba mpaka amalize, atakuwa amesahau njia ya kurudi," aliniambia. Kazi yangu ilikuwa kushika gunia na kuchanganya bugali na maji ya ndakala. Nilikwaruzwa mikono mpaka mwalimu akauliza kama nalala kwenye miiba. Nilipenda kazi ile kuliko kitu chochote. Nyumbani nilikuwa mkubwa wa kuchota maji na kumbeba mdogo wangu mgongoni. Kwa Koko nilikuwa mtu.

Alinikataza jambo moja tu. Siku ya kwanza nilimwuliza yule paka wa kikapuni anaitwa nani.

"Anaitwa paka."

"Hana jina, Koko?"

"Hapana kumupatia nyama, hata paka, jina ya mutu, Masika. Jina ya mutu inajua mwenyewe. Ile nyama ikikufa, jina inabaki bila mwili, donc inaenda kutafuta ule mwenyewe."

Nilicheka moyoni. Sisi Wanande hatuhangaiki kutafuta majina, nafasi ya kuzaliwa inamtosha mtoto. Msichana wa kwanza ni Masika, ndiye mimi. Mvulana wa kwanza mara nyingi ni Paluku, wa pili ni Kambale. Kwenye avenyu yetu ukiita Paluku, wanageuka wanaume kumi, na mmoja wao ni mchungaji. Hilo jina lisilo na mwili lingemtafuta yupi? Nilikuwa mtoto mwenye akili nyingi na utii kidogo.

Paka wa kikapuni akazaa watoto watatu ndani ya kartoni ya sabuni, wawili dume na mmoja jike. Koko alikuwa amekwenda misa. Nilipiga magoti mbele ya ile kartoni nikafanya kile ambacho kila mtu kwetu angefanya akiona watoto wamezaliwa kwa mfuatano: nikawahesabu. Wewe Paluku. Wewe Kambale. Na wewe, mwenye doa puani, Masika kama mimi. Ilinifurahisha mno. Mdogo wangu Paluku alikuwa na miaka miwili, akitambaa na kutembea kwa zamu, na nilimletea habari kwamba sasa ana wajina wake mwenye mkia. Alipiga makofi. Hakuelewa kitu, alipenda tu nikiongea naye.

Yule paka mdogo Paluku hakufikisha mwezi. Nilimkuta amekauka pembeni mwa wenzake, nikalia kwa sauti, nikimwita kwa jina. Koko alikuwa anachimba shimo la kumzikia nyuma ya choo. Jembe likasimama.

"Unamuita nani?"

Nikamwambia. Koko aliketi chini palepale kwenye udongo, mwanamke mzima, gauni jeupe la Jumapili likachafuka. Midomo yake ilisogea kwa muda. Kisha akanishika mabega.

"Usiambie mutu. Hata mama yako. Unasikia, Masika? Hata padiri."

Wiki iliyofuata mdogo wangu alishikwa na homa. Macho yakawa mekundu, vipele vikatoka nyuma ya masikio vikashuka kifuani. Ilikuwa surua. Mtaani kwetu watoto wengi walikuwa nayo, na kwenye kituo cha afya walilazwa wawili wawili kitanda kimoja. Siku ya tano akaanza kupumua kwa mbavu. Siku ya saba Mama alirudi kutoka kituoni kwa miguu, amemfunga mgongoni kama kawaida, na kitenge amekivuta mpaka juu ya kichwa cha mtoto. Nilikimbia kuwapokea. Sitasema zaidi kuhusu hilo.

Tulikaa kilio uani, chini ya bashi, turubai la bluu. Siku ya tatu asubuhi, Tantine, mdogo wake Mama, alinichukua jikoni kuniogesha. Nilikuwa nimelia mpaka nimechoka kulia, na mtoto aliyechoka hachungi ulimi.

"Na Paluku wa paka alikufa," nikasema.

"Paluku wa nini?"

"Mutoto wa paka. Yeye alikufa wa kwanza."

Mkono wa Tantine uliachia sabuni. "Nani alimupatia paka jina ya mutoto wetu?" Akajijibu mwenyewe: "Ni ule mumama, eh? Ule wa Beni?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Nimejaribu mara nyingi kuusimulia mwitikio ule ili uwe mdogo. Nilikuwa na baridi, nilikuwa na miaka tisa, Koko mwenyewe alinikataza kusema. Yote ni kweli, na niliitikia kwa kichwa, na nilijua ninachofanya.

Koko alikuwa uani na wanawake wengine, anamenya ndizi za msiba. Tantine alitoka na mikono yenye povu akapiga ukelele, na kabla hajamaliza sentensi ya pili wanaume walikuwa wamesimama. Shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu, alikuwepo, mzee mpole. Aliwanyamazisha kwanza.

"Koko, banasema uliita paka jina ya mutoto wa hii nyumba. Ni kweli?"

Koko hakumtazama. Alinitafuta mimi kwa macho. Nilikuwa mlangoni mwa jiko, gauni limenigandia kwa maji. Neno moja lake lingetosha. Na nilijua lingenifikisha wapi, maana msichana mmoja wa darasa letu alitajwa na shangazi yake kuwa mulozi, na wazazi wake waliomzaa wakamtoa nje. Alikuwa analala chini ya meza za soko, na sisi tuliosoma naye tulivuka barabara tukimwona.

"Ni miye," Koko akasema. "Miye njo nilimuita vile. Masika hajue kitu."

Hakuna aliyekuwa amenitaja. Lakini watu walikuwa hawasikilizi tena.

Shefu, namshukuru kwa hilo, alisimama mbele yake na mikono yote miwili hewani mpaka pikipiki ikaja, na mawe mengine yakampata yeye. Koko aliondoka amepakiwa katikati ya dereva na kijana mmoja, damu kwenye sikio, bila kiatu kimoja. Vijana wakaingia kwenye kachumba chake na mipini ya majembe. Paka wakubwa wengine waliruka ukuta. Kambale na Masika, wale wadogo wawili, hawakujua bado kukimbia watu. Mimi ndiye niliyewafundisha kwamba mtu akija amekuja na chakula.

Nilinyamaza miaka minane. Nilipofika kumi na saba nikashindwa, nikamwambia Mama yote, alipokuwa anachambua maharagwe. Nilitegemea anipige. Hakuinua hata kichwa.

"Ilikuwa surua, Masika. Sisi bote tulijua ni surua."

"Mais Mama, juu ya nini mulimufukuza?"

Alitupa kijiwe, akachota maharagwe mengine. "Mutoto alikufa. Batu balitaka kufanya kitu."

Nilimchukia siku ile, Mungu anisamehe. Halafu nikapata mahali pa kujituliza. Nikasema: kama wote walijua, basi na Koko alijua. Alikuwa mwanamke mwenye akili kuwapita, akaona kundi la wajinga wanatafuta mtu wa kupiga, akajitoa ili wasinifikie mimi. Picha hiyo niliipenda, nikaishi nayo.

Leo naishi Beni, Bungulu. Nashona nguo, na baada ya kushona nafanya ile kazi ya zamani. Tuko watu watatu, hatuna ofisi wala karatasi, tuna vikapu na mikono ya majinzi makuukuu tunayovaa ili tusikwaruzwe. Watu wakikimbia kutoka pembezoni mwa mji, tunangoja njia ifunguliwe, tunaingia kwenye nyumba zilizobaki wazi, na paka wako pale, wamekaa kwenye vizingiti. Hawafuati waliokimbia. Wengine tunawakuta wamechomwa maji ya moto, wengine wamefungwa kamba. Tunawatibu upele, tunawakamulia maziwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Wengi wanakufa. Majirani wangu hawanisalimu asubuhi, wanasema ikishapita saa nne sina nguvu za kuloga.

Mwaka jana nilipata ujasiri wa kwenda Beu kumtafuta Koko. Nilizunguka soko mara tatu nikiuliza habari za mama mzee mwenye paka, mpaka nikaelekezwa kwa mama mmoja anayeuza makala, yaani mkaa, aliyempangisha chumba. Koko alikuwa amekwisha kufa, kwa ugonjwa wa kifua, kitandani kwake. Nilishukuru kwamba ilikuwa kitandani. Yule mama alipenda kuongea. Alisema Koko hakuwa na shida na mtu, ila sala zake zilikuwa ndefu mno.

"Kila asubuhi alikuwa anaombea mutoto moja wa Butembo. Kila asubuhi, hata akiwa mugonjwa! Alisema ni mutoto mudogo sana, aliua ndugu yake bila kujua. Eti, Mungu asimuhesabie."

Nilishika gunia la makala, na mkono mzima ukawa mweusi.

Kumbe hakuwa amewapita watu akili. Aliamini. Wale waliompiga mawe walijua ni surua, lakini yeye, aliyepigwa, aliamini kila neno. Siku ile aliponitafuta kwa macho mlangoni mwa jiko, aliona mtoto aliyemuua Paluku. Aliniona hivyo wazi kabisa, na ndipo akasema ni miye.

"Huyo mutoto ni mimi," nikamwambia muuza makala.

Alikuwa na mtoto wake wa kike pembeni, wa miaka miwili hivi, anachezea kopo la kupimia. Hakusema lolote baya. Alinikazia macho tu, akanyoosha mkono, akamvuta yule mtoto kwa gauni, taratibu, akamweka nyuma yake.

Sikumlaumu. Nilisimama pale na mkono wangu mweusi, nikapata kujua macho hayo yanavyokuwa mtu akikutazama nayo. Koko alinitazama nayo uani kwetu mbele ya watu wote, na bado mtoto aliyemweka nyuma yake kumkinga nilikuwa mimi.