Wimbo Uliomtaja Mama

Harufu ya betri zinazopashwa moto si ya kupendeza, lakini ndiyo iliyonilea. Nyumbani kwa bibi mzaa mama, kule mtaa wa Ramadhani mjini Njombe, betri za redio zikichoka hazikutupwa. Zilipangwa juu ya jiwe la jikoni, mbali kidogo na makaa ya miti ya miwati, zikapashwa polepole mpaka zipate nguvu ya kuimba wimbo mmoja au miwili zaidi. Moshi ulituwasha macho, ukungu ulipita chini ya mlango kama mgeni asiyejua kubisha hodi, nasi tulikaa tumejikunyata tukisubiri redio ifufuke. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Makambako, ambayo nilipokuwa mdogo zaidi yalikuwa na rafu tupu na muuzaji anayepiga miayo, yalijaa ghafla sabuni za kunukia, nguo za mitumba, na redio kaseti zenye spika mbili. Aliyeuza viazi vizuri alirudi nyumbani na redio. Lakini ni miaka hiyohiyo watu walipoanza kufa ovyo, vijana wenye nguvu zao, kuanzia Makambako barabarani hadi Matamba kule juu kwenye baridi kali. Wanasema msiba wa wengi harusi. Sisi tulikuwa na harusi za namna hiyo kila mara, na sikumbuki aliyecheza. Baba yangu, aliyekuwa utingo wa malori, alikwenda mapema. Mama akanishika mkono, tukarudi kwa bibi.

Mama alikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyempa wala aliyeweza kumnyang'anya: alikuwa mjibu wa wimbo wa msiba. Kabla yake kazi hiyo ilikuwa ya bibi, mpaka koo la bibi lilipokauka akabaki na sauti ya kukwaruza tu. Wimbo wenyewe ni wa Kibena, wa zamani kuliko kanisa letu, na hauna maneno mengi. Wanawake wamekaa chini na khanga mabegani, wanauliza pamoja, polepole: nani ametoka akaacha mlango wazi, mbona baridi inaingia? Wanauliza tena, na tena, sauti zikipanda. Kisha mjibu, peke yake, anajibu kwa jina la marehemu na jina la baba yake. Hapo ndipo watu huangua kilio, kwa sababu mpaka jina litajwe kila mtu anakuwa bado anajidanganya. Mama alikuwa na namna yake ya kulitaja. Hakulipigia kelele. Aliliweka chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia. Wimbo ulikuwa na miiko miwili ambayo hata mimi mtoto niliijua. Hauimbwi pasipo maiti, na haumalizwi pasipo jina. Ndiyo maana tulipokuwa tukiucheza nyuma ya nyumba na wenzangu, tukiuliza mlango nani kauacha wazi, tulikimbia kabla ya kujibu.

Mwalimu Festo, aliyefundisha kwaya ya mtaa, ndiye aliyeleta wazo la kaseti. Alikuwa mtu mwembamba mwenye koti moja na mawazo mengi. Kwaya nyingi wakati huo zilikuwa zinarekodi, na zote, alisema, zilikuwa zinaimba nyimbo zilezile za kutafsiriwa. Yeye alitaka nyimbo za wazee, zile za kupalilia ulezi, za kumpokea bibi harusi, na mwishoni kabisa wimbo wa msiba, lakini zipangwe upya kwa sauti nne na kuwekewa kinanda cha umeme. Alikuja nyumbani jioni moja, akaamkia kamwene, akakaa kwenye kigoda, akaeleza. Bibi alimsikiliza huku akimenya viazi, kisu hakikusimama.

"Mwalimu, umeongea vizuri," bibi alisema alipomaliza. "Sasa niambie. Huo wa mwisho mtauimba amekufa nani?"

"Hakuna aliyekufa, bibi. Tunauhifadhi. Wazee mnaondoka, mama zetu wanaondoka, kesho atauliza mtu wimbo ule ulikuwaje, atajibiwa na nani?"

"Wimbo wa msiba hauhifadhiwi kama mahindi. Ukiuita utakuja, na ukija hautaki kurudi mikono mitupu." Kisha akamgeukia mama. "Na wewe unanyamaza. Mchuma janga hula na wa kwao."

Mama alikuwa amekonda kidogo mwaka ule, na alikuwa na kikohozi alichokiita cha moshi. Mwalimu Festo alipoondoka alimsindikiza mpaka barabarani, na aliporudi alisema amekubali. Bibi hakuzungumza naye tena mpaka siku ya safari, na hata siku hiyo alichosema ni kwamba anichukue na mimi, ili awe na mtu wa kumtazama.

Studio, kama tulivyoiita kwa heshima, ilikuwa chumba nyuma ya duka la bwana mmoja aitwaye Salehe, mfanyabiashara aliyehamia Makambako kutoka Tabora. Mbele aliuza kaseti na betri, nyuma alirekodi. Kutani alikuwa ametundika mablanketi ili kuzuia kelele, lakini Makambako ni njia panda, na hakuna blanketi la kunyamazisha njia panda. Kwaya ikianza vizuri, lori linapita. Ikianza tena, treni inapiga king'ora kule stesheni. Salehe alikuwa na subira ya ajabu. Aliinua mkono, wote wakanyamaza, akasikiliza barabara, akashusha mkono, wakaanza. Ilipofika saa ya sala alituacha na chai ya tangawizi, akaenda, akarudi. Mimi nilikaa juu ya kreti la soda nikiona kila kitu. Nyimbo za kupalilia zilipendeza mno na kile kinanda, sina haja ya kudanganya. Sauti nzito za wanaume ziliingia chini ya zile za wanawake, na nyimbo nilizozisikia tangu tumboni zikawa kama nyumba ya zamani iliyofunguliwa madirisha.

Ulipofika wimbo wa msiba kila mtu akawa mzito. Wakauliza, kinanda kikafuata kwa mbali, nani ametoka akaacha mlango wazi. Walipofika kwenye jibu, mama akanyamaza. Salehe akasimamisha mashine.

"Dada, hapa kuna shimo," alisema kwa upole.

Mwalimu Festo akapendekeza aseme "ndugu yetu." Mama akatikisa kichwa, wimbo haukubali ndugu yetu. Basi amtaje marehemu wa zamani, pengine mume wake. Mama akasema aliyeliliwa akapumzika haamshwi. Mmoja wa waimbaji akacheka kwa woga na kusema basi ataje jina lolote, na mara ile ile kila mtu mle chumbani akatazama chini, asije akawa ni yeye. Ndipo mama alipokohoa, akasafisha koo, akasema waanze upya. Wakauliza mara ya kwanza, mara ya pili, sauti zikapanda. Mama akafumba macho, akajibu: "Eliza. Eliza wa Yohana." Lilikuwa jina lake mwenyewe. Alilitaja vilevile kama alivyotaja ya wengine, akaliweka chini taratibu, na kabla mtu hajavuta pumzi lori likapiga honi ndefu huko barabarani. Mama akafumbua macho, akacheka. Salehe alitaka warudie kwa sababu ya ile honi. Mama akakataa katakata. Alisema neno lile halisemwi mara mbili.

Ndani ya basi la kurudi Njombe nilikaa mapajani mwake ingawa nilikuwa mkubwa wa kutosha kuaibika. Nilimuuliza kwa nini amejililia.

"Nani mwingine angenililia vizuri?" alisema, akanibana na khanga kwa sababu ya baridi. Baadaye kidogo akaongeza, kama anayeongea na dirisha, "Watu wote hufa bila kusikia walivyoliliwa. Mimi nimesikia."

Nilikasirika, na hasira ile ninayo hadi leo. Leo ninaamini alikuwa anajua. Alimuuguza baba, aliona ugonjwa ulivyoanza na ulivyoisha, na kile kikohozi hakikuwa cha moshi. Wakati huo ugonjwa ule watu hawakuutaja jina. Walinyoosha tu kidevu kuelekea barabara kuu, na wote wakaelewa.

Kaseti ilipotoka ilienda kasi kuliko alivyotarajia mwalimu Festo. Ilipigwa madukani, kwenye vilabu vya pombe ya ulanzi, kwenye mabasi. Lakini ilitafutwa zaidi na wafiwa. Misiba ilikuwa imezidi na waimbaji wamechoka, wengine wako kwenye msiba mwingine, wengine wenyewe ni wafiwa, hivyo watu wakaanza kuweka redio uani na kuupiga ule wimbo wa mwisho. Ikawa kila anapozikwa mtu, kuanzia Makambako hadi vijiji ambavyo mama hakuwahi kukanyaga, anayeliliwa ni mama yangu. Yupo hai, anateka maji, anafua, na mahali fulani watu wasiomjua wanaangua kilio kwa jina lake. Sokoni mwanamke mmoja mgeni aliposikia mama akiitwa Eliza wa Yohana alirudi nyuma, akaangusha fungu lake la maharage. Mama aliinama akamsaidia kuyaokota. Mwaka haukuisha akalala, na aliyelala hakuamka tena vizuri. Majirani wakapata la kusema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Walilisema kwa sauti ya chini, lakini si chini ya kutosha. Bibi hakulisema hata mara moja. Alimpikia uji, akamgeuza kitandani, akamfuta jasho, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Alikufa asubuhi ya baridi kavu, umande umeganda juu ya majani. Wanawake walikuja wengi, wakajaa uani na khanga zao, wakakaa chini kama desturi. Tukasubiri. Hakuna aliyeanza. Nilisikia wakinong'onezana, na nilisikia vizuri kwa sababu mtoto aliyefiwa watu humsahau mbele yao. Walisema huyu ameshaliliwa. Ameliliwa kila mahali, na kumlilia mara ya pili ni kuufungulia wimbo njia ya kumchukua mwingine. Waliogopa, na siwalaumu, ila sijawasamehe. Mtu akaleta redio, akaiweka juu ya kinu. Kinanda kikaanza, kwaya ikauliza, na mama akajibu jina lake, na honi ya lori ikalia. Mtu akarudisha kanda mwanzo, ikaimba tena, na tena, mpaka betri zikaanza kuchoka. Sauti ya mama ikawa nzito, ikaburuzika, ikawa ya mwanamume, ikawa ya mtu anayezama. Kisha ikakatika.

Kimya kile sitakisahau. Jeneza lilikuwa linangoja kutoka. Mimi, niliyekuwa nimeapa kuuchukia wimbo ule, nilijikuta ninauliza: nani ametoka akaacha mlango wazi? Sauti yangu ilikuwa nyembamba na ilitetemeka. Nikauliza tena peke yangu. Mara ya tatu mwanamke mmoja nyuma yangu akashindwa kujizuia, akaingia, na mwingine, kisha ua wote ukawa unauliza, mbona baridi inaingia. Sauti zikapanda zikafika mahali pake, zikanyamaza zikinisubiri mimi nijibu. Sikuweza. Kwetu mtoto hatamki jina la mzazi wake, na sikuwa nimewahi kulitamka hata nikiwa peke yangu. Ndipo bibi, mwenye koo lililokauka, aliponishika bega akajibu kwa ile sauti yake ya kukwaruza: "Eliza. Eliza wangu." Hakutaja jina la baba wa marehemu kama inavyotakiwa. Ua wote ukalipuka kwa kilio, na mama akatolewa nyumbani akililiwa na watu wenye pumzi.

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Sasa nimempita mama kwa umri, ana mtoto aliye mzee kuliko yeye. Ugonjwa ule una vidonge, vinatolewa hospitali bila kunong'ona, na jirani yangu anavimeza huku akipalilia mahindi yake na kugombana na wajukuu. Ninamfurahia, lakini siku nyingine ninamtazama nikaumia, kwa kuwa mama angeweza kuwa yeye. Misibani kuna maturubai na maspika ya kukodi, na wanawake wanaojua kuuliza mlango nani kauacha wazi wamebaki wa kutafuta. Juzi alikuja kwangu kijana aitwaye Imani, mjukuu wa mwalimu Festo, aliyesomea muziki Dar es Salaam. Anarekodi upya nyimbo zile kwa fidla na ngoma za mkono, na kwa wimbo wa mwisho ametumia sauti yenyewe ya mama kutoka kwenye kaseti yangu, akaisafisha kwa kompyuta. Alitaka kujua jambo moja. Jina libaki, au aliondoe ili wimbo uwe wa watu wote?

Nikamwambia libaki. Akanivalisha spika za masikioni nisikilize. Fidla ziliingia polepole, wanawake wakauliza, na mama akajibu, karibu mno, kama yupo kwenye kiti cha pili, hana kikohozi wala mkwaruzo wa kanda. Ulikuwa mzuri kuliko nilivyoweza kustahimili. Baada ya jina palikuwa na kimya safi. Nikavua spika, nikamuuliza honi ya lori iko wapi.

"Nimeifuta, mama. Ilikuwa kelele."

"Irudishe."

Alinitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mtu mzima anayeanza kuchanganyikiwa. "Honi, mama? Ndani ya wimbo wa msiba?"

"Irudishe, mwanangu," nikamwambia. "Ilipolia hiyo, mama alicheka."