Fundi Qais Nyuma ya Pazia

Fundi Qais wa Jang'ombe huponya redio na deki kwa macho na mikono. Siku ile, mtaani Mpendae, alinyimwa macho. Bi Wafaa alikuwa ameletewa kutoka Maskati diski ya harusi ya bintiye, harusi ambayo hakujaaliwa kuhudhuria. Picha ilionekana, sauti haikutoka. Na kwa kuwa wanawake wa kwenye picha hawakujifunika, fundi alisimamishwa nje ya mlango, nyuma ya pazia.

Tatizo alilijua. Deki mpya ilitoa sauti ya diski hiyo kwa mfumo ambao amplifaya ya Bi Wafaa, kikuza sauti cha zamani, haiuelewi. Watengenezaji wanatuuzia vyombo visivyosikilizana, halafu lawama anabeba fundi!

"Bi Wafaa, fungua menyu ya sauti."

"Imeandikwa Kichina!"

"Basi toa diski, niingie mwenyewe."

"Nshaitoa jana, ikagoma kurudi hadi usiku. Sitoi!"

"Sasa nifanyeje, Bi? Nipapase ukuta?"

Ndani, wageni wa kike waliokuja kuitazama harusi wakaangua kicheko. "Fundi huyu anataka kumwona bibi harusi tu!"

Qais alisogeza mdomo kwenye pazia. "Tafuta herufi tatu za Kizungu: P, C, M. Ukizichagua, deki itaigeuza sauti kwanza iwe ya mfumo wa zamani, ndipo iipeleke kwenye amplifaya."

Rimoti ikabonyezwa, ikabonyezwa tena. Ghafla ngoma ya Maskati ikajaa chumba, na wageni wote wakapiga vigelegele hadi sauti ya spika ikamezwa.

"Nyamazeni!" alifoka Bi Wafaa, machozi yakimtoka. "Niacheni nimsikie mwanangu!"