Ripita ya Fundi Friji na betri za daktari wa meno

Saa moja asubuhi, fundi wa majokofu anasimama mbele ya kibanda cha mabati chini ya tangi la maji la kilimani, betri mpya begani, jasho likimtiririka hadi kwenye kope. Anaitua polepole, anaikata jicho.

"Betri nzuri," anasema, akilitazama daftari langu. "Lakini kanunua daktari wa meno, na hilo linanikera. Andika hivyohivyo."

Wenzake humwita Fundi Friji. Ndiye aliyejenga ripita ya kwanza ya klabu yao ya redio: mtambo unaonasa sauti hafifu ya redio ya mkononi na kuirusha upya kwa nguvu, hadi watu walio pande mbili za kilima wasikilizane. Aliuunda kwa redio mbili kuukuu za teksi na feni aliyoing'oa kwenye jokofu bovu, antena akaifunga kwenye mlingoti wa idara ya maji hapo kilimani.

Kwa miaka kumi na minne, kila mwanachama alisemea kupitia mtambo huo. Jumatano jioni waliitana humo mmoja mmoja, wakataniana, wakaulizana habari za wagonjwa. Fundi aliwasikiliza akijiona baba mwenye nyumba.

Kisha akaja daktari wa meno, mwanachama mpya, mtu wa tabasamu na mfuko mnene. Akanunua ripita ya kisasa, akaifunga juu ya ghorofa la kliniki yake. Sauti safi, haikwaruzi. Kufumba na kufumbua, wote wakahamia huko.

"Jumatano moja nilikaa nasikiliza ya kwangu," Fundi anasema. "Kimya. Nikahamia ya kwake, nikasikia wanacheka. Roho iliniuma, sikufichi."

Halafu mweka hazina akatangaza kwamba ada hazitoshi kununulia betri za mitambo miwili. Ya kilimani izimwe, na kura ipigwe Jumapili. Fundi akawa hali wala halali.

Jumatano kabla ya kura, alikuwa sebuleni akiusikiliza kwa siri mtambo wa mpinzani wake. Akaitupa redio kwenye kochi kwa hasira, kisha akajibwaga juu yake. Kitufe cha kusemea kikabanwa. Klabu nzima ikamsikia akimlalamikia mkewe.

"Huyo ng'oa-meno kaja na hela zake, wote wamemkimbilia. Wanadhani mlingoti wa kilimani ni wa bure? Miaka yote hii nawatengenezea watu wa maji majokofu yao bila kuchukua hata senti, ili wasitudai kodi."

Mkewe, mshonaji, hakuacha cherehani. "Leo na wewe umeonja," akasema. "Hicho kidude kimekuwa mke mwenza wangu miaka kumi na minne. Mvua ikinyesha, uko kilimani. Mtoto akiugua, uko kilimani. Mimi nilinyamaza. Na wewe nyamaza, ule chakula kabla hakijapoa."

Mtambo wa daktari hujikata mtu akisema dakika tatu mfululizo. Walizisikia zote tatu. Fundi alipoinuka kwenda mezani ndipo alipoiona redio, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Kesho yake daktari akafika karakana ya Fundi. "Nikajua kaja kunicheka," Fundi anasimulia. "Akakaa juu ya kreti la soda, akaniambia, 'Fundi, mwenye wivu ni mimi. Ile nimenunua kwa hela yangu, lakini wanaiita tu ile mpya. Yako wanaiita ripita ya Fundi.' Nikamwagizia chai."

Jumapili, hakuna mkono hata mmoja ulioinuka kutaka ya kilimani izimwe. Mweka hazina alikiri hakuwahi kujiuliza kodi ya mlingoti inalipwa na nani. Daktari akajitolea kununua betri, na Fundi akazikubali shingo upande.

Sasa anakaza nati ya mwisho. Taa ya kijani inawaka, anashusha pumzi. Mpango wake, kabla ya mvua, ni kuiunganisha mitambo yote miwili, anayesemea kwa daktari asikike na huku. Ametoa sharti moja tu: kuitana kwa Jumatano kuanzie kilimani.

"Wivu haujaisha," anasema. "Umepungua kidogo."

Anampigia mkewe simu, anamweleza mpango kwa furaha, kwa kirefu. Upande wa pili cherehani inasikika ikisimama.

"Kumbe," mkewe anasema. "Nilikuwa na mke mwenza mmoja. Sasa unaniletea wa pili."