Hoho Zilizobabuka Mwera

Juzi nilikuwa nakatakata hoho za kachumbari, harufu yake mbichi ikanirudisha Mwera, shambani kwa bibi yangu. Wewe uliyekulia pwani utanielewa: umande miguuni, moshi wa makumbi ya nazi, na matuta ya kumwagilia kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani.

Mwaka huo baba mdogo alikuwa ameoa Lushoto, milimani. Asubuhi moja Bibi akamkuta mama mdogo, huyo mke mpya, ameinama na mkasi kwenye hoho, anakata maua ya kwanza na vichipukizi vyote. Kila mche umebaki na matawi mawili tu, umesimama kama kuku aliyenyonyolewa.

"Yarabi! Mwanangu, mbona waziua?"

"Siziui, mama. Kwetu tunazipogolea hivi. Mche ukiwa na matunda machache, yanakuwa makubwa."

Bibi akageuka, akaenda zake. Mchana tulikula bada, ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa, mama mdogo akaosha mikono kabla ya kushiba. Majirani nao wakaanza kunong'ona kwamba bibi harusi kaleta mkosi.

Hoho zilikuja kubwa kweli, moja inajaza kiganja. Lakini majani ya kuzifunika hayakuwepo, na jua la Mwera likazibabua, zikatoka mabaka meupe kama zilizomwagiwa maji ya moto. Mama mdogo alikaa chini katikati ya matuta akalia. Nilidhani Bibi atasema, "Si nilikwambia?" Kumbe alikwenda akaketi naye pale pale mchangani, akachuma moja, akamega upande uliosalimika, akautafuna.

"Nyama yake nene, tamu. Ila jua letu si la milimani, mwanangu. Msimu ujao kata matawi ya chini, ya juu yaache yatie kivuli."

Wakafanya hivyo, wawili pamoja, huku wakibishana kila tawi. Miche ambayo hawakuigusa ilizaa hoho nyingi, ila ndogo ndogo. Waliyopogolea ilizaa chache, nono, zinang'aa, hata wachuuzi wa Pangani wakazifuata shambani.

Sasa pale pana nyumba za bati, na wanaoishi humo hawajui kama paliwahi kulimwa. Bibi naye ametangulia. Alikuwa na mabinti zake wa kuwazaa, wote wazima, lakini aliusia kwamba akifa aoshwe na mama mdogo. Shangazi zangu walimpisha mlangoni, naye akaingia, akakunja mikono ya gauni lake.