Dyno nusura ivunje uchumba wangu, Goma miaka ya hamsini

Wakuu, habari za humu ndani.

Nimesoma mabishano yenu ya wiki hii nikacheka peke yangu sebuleni. Kijana mmoja anataka kumburuza fundi polisi kwa sababu kitabu cha gari kinasema nguvu za farasi 180, na baada ya tuning yote ya kuiongezea injini nguvu, dyno, ile mashine ya kupimia, imempa 150. Tulia kwanza, mwanangu. Mimi ni bibi mzee na nina kisa cha aina hiyo hiyo. Sitatia chumvi, maana wenyewe wote wameshatangulia na sina wa kumpamba.

Ni Goma, Wabelgiji bado wapo. Nyumba yetu ilikuwa upande ambao leo unaitwa Mapendo.

Asubuhi ukungu ulitoka ziwani, ukapita juu ya mawe meusi ya volkano na kuingia mpaka jikoni. Nilipenda kusimama mlangoni nisione chochote, najiwazia tu. Nilikuwa msichana wa kuota ndoto macho wazi, na mama alinigombeza sana kwa hilo.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, asili yetu Maniema. Alichukua mzigo Bunagana mpakani akaupandisha milimani Masisi kwa gari dogo lililokwisha kuchoka. Kila kilima lilikohoa.

Mchumba wangu, Saidi, alikuwa fundi. Akamwambia baba ataliongezea nguvu. Akafunga kabureta ya pili, akasaga kidogo kichwa cha injini ili mgandamizo wa ndani uongezeke, akapanua na bomba la moshi.

Baba alikubali kwa sharti lake. Kazi ikiwa nzuri, siku ya harusi itapangwa. Ikiwa mbovu, mtu aliyeharibu gari lake hatamkabidhi binti yake.

Nilimpenda Saidi, naandika wazi wala sioni aibu. Kwa hiyo mimi niliombea injini kuliko wao wote wawili.

Siku hizo tajiri mmoja Mgiriki, mwenye gereji kule Himbi, alikuwa ameleta mashine ya kupima nguvu. Gari linapandishwa, magurudumu ya nyuma yanakaa juu ya mapipa ya chuma, linafungwa minyororo, halafu unakanyaga mafuta. Gari linakimbia bila kwenda popote. Niliitazama kama mtu aliye ndotoni. Kelele zote zile, na ziwa limetulia pale pale nyuma yake.

Mshale ukapanda, ukasimama. Quarante-sept, yaani arobaini na saba.

Baba akamgeukia Saidi, ameshika kitabu cha gari kilichoandikwa sitini. "Livre ya motokari inasema soixante. Mashine inasema quarante-sept. Sasa umeniongezea kitu gani?"

"Muzee, ile soixante walipimaka injini yenyewe tu, kule kwabo, chini karibu na bahari. Huku tuko juu, hewa ni kidogo. Na nguvu ingine inapoteaka mu njia, mbele ya kufika ku mapira ya motokari."

"Ile yote ni maneno. Uliharibu motokari yangu. Harusi hakuna."

Saidi akainama kwenye magurudumu. Alifungua minyororo mwenyewe, taratibu, na mimi machozi yalinitoka mbele za watu.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo penye jambo lenyewe.

Mama na mimi tuliuza unga sokoni. Kila muuzaji alikuwa na kopo lake la kupimia, na hakuna makopo mawili yaliyolingana. Mteja akija kulalamika kwamba alikotoka unga ulijaa zaidi, mama hakubishana naye. Alimwambia amimine unga wake ndani ya kopo letu, wote waone. Ugomvi uliishia hapo.

Nikiwa nafuta machozi nikawaza kwamba soixante ni kopo la kiwandani Ulaya, na quarante-sept ni kopo la Himbi. Baba anagombana kwa makopo mawili!

Baba yangu mdogo, Ramazani, alikuwa na gari la aina ile ile, la umri ule ule, ambalo hakuna fundi aliyeligusa. Kitabu chake nacho kilisema soixante. Nikamwendea baba.

"Papa, naomba tupime na ya baba mudogo. Ku mashine hii hii."

Alinikazia macho mpaka nikataka kukimbia. Lakini alikuwa mtu wa soko, na lugha ya kopo aliielewa. Akatuma gari liletwe mchana ule ule.

Mshale ukapanda, ukasimama mapema. Trente-six, yaani thelathini na sita, kumi na moja chini ya gari alilogusa Saidi.

Baba aliutazama mshale, akayatazama magari yote mawili. Akaamuru vitambaa vipakiwe kwenye gari alilotengeneza Saidi, akaketi mbele, Saidi akiwa kwenye usukani. "Twende Masisi," akasema. Nikajibana nyuma kati ya marobota kabla hajanikataza.

Tulipita Sake tukaanza kupanda. Ukungu ukatumeza. Hakukuwa na barabara wala bonde, weupe tu na mlio wa injini, laini, wa aina moja. Nikadhani tunaelea.

Baba, ambaye maisha yake yote hakuwahi kufumba jicho kwenye gari linaloendeshwa na mtu mwingine, akaegemeza kichwa kwenye kioo. Akalala. Tena akakoroma. Saidi akaniangalia kwenye kioo cha juu, wala hatukuthubutu hata kucheka.

Alizinduka kule juu, jua limetoka, ng'ombe wanakula majani.

"Tuko wapi?"

"Tumeisha fika juu, Muzee."

"Na mulima?"

"Iko nyuma yetu."

Baba aligeuka akatazama nyuma muda mrefu. Kisha akapangusa macho. "Tukishusha hivi vitambaa, turudi mbiyo. Mama yake anapashwa kujua siku ya harusi."

Wakuu, niliyojifunza ni haya. Namba ya kitabuni na namba ya kwenye magurudumu si ndugu, hasa mkiishi nyanda za juu. Pima gari kabla hujalifungua, pima tena baada ya kazi, mashine ile ile. Tofauti ya hapo ndiyo kazi ya fundi wako.

Wewe wa 150, kabla ya tuning dyno hiyo ilikupa ngapi? Na wengine wekeni zenu hapa chini, za kabla na za baada. Ninasoma polepole lakini ninasoma zote.