Upande wa Susu kwenye Sinia

Muthokoi ukichemka na mbaazi hutoa harufu nzito ya mahindi yaliyokobolewa na moshi wa kuni, na harufu hiyo ikinikuta popote mate hunijaa mdomoni. Kwetu Kalamba, miaka ya sabini, ndiyo iliyotuita nyumbani jioni. Mama alipakua chakula chote kwenye sinia moja la bati, tukanawa, tukaketi mkekani na kula kwa mkono, kila mtu akichota mbele yake bila kumvukia mwenzake. Mimi niliwekwa kushoto kwa susu, yaani nyanya yangu mzaa baba, na mama aliniagiza niwe nikisukuma vipande vya nyama upande wake. Nilidhani ni adabu tu, na kusema kweli iliniuma, maana nyama kwetu haikuwa ya kila siku.

Likizo ya Desemba shangazi, bintiye susu, alikuja kutoka Mombasa na sahani za kauri na vijiko vinavyong'aa. Alikuwa na nia njema: alitaka mama yake ale kama watu wa mjini. Alikuwa pia amesikia minong'ono kuhusu macho ya susu, na alisema wazi kwamba kama hayaoni tena, atarudi naye Mombasa. Susu hakutaka hata kulisikia jambo hilo. Mumewe alizikwa pale nyumbani, na yeye alitaka kulala kando yake. Alisema anaona vizuri, ni uzee tu unamchelewesha.

Basi tukaanza kula kila mtu na sahani yake. Kijiko cha susu kiligonga ukingo na kurudi kitupu. Alipojaribu tena, muthokoi ukamwagikia leso yake. Akasema ameshiba. Siku zilizofuata alishiba hivyo hivyo, akawa mtu wa chai tu. Kisha jioni moja njaa ikamshinda. Akanyoosha mkono, akapapasa mkekani mahali ukingo wa sinia ulipozoea kuwa.

"Kwani chakula iko wapi?" akauliza polepole.

Shangazi akaacha kutafuna. Mama aliinuka, akaleta sinia, akamimina humo sahani zetu zote.

"Hizi sahani zote zitaoshwa na nani, na maji tunabeba na mgongo?" alisema. "Wacha tukule pamoja."

Mkono wa susu ukagusa ukingo, ukaenda moja kwa moja mahali pake. Alikula kwa utulivu, na mimi nikasukuma nyama kama kawaida. Mara nikaona mkono mwingine ukisukuma nyama upande ule ule. Alikuwa shangazi, machozi yakimtiririka bila sauti.

"Leo nyama imekuwa mingi," susu akasema.

Mwaka mpya ulipoingia shangazi alirudi Mombasa peke yake, na susu akaishi nasi miaka mingi, mpaka akazikwa alipotaka.

Sasa ninaishi mjini Wote, nina meza kubwa na viti vya kutosha. Chakula ni kingi kuliko cha mama, nami nashukuru. Lakini kila mtu huchukua sahani yake akaondoka nayo, huyu kwenye televisheni, yule chumbani kwake. Namwonea mama wivu. Alijua macho ya susu yamekwisha kwa kuutazama tu mkono wake ukila. Binti yangu amekonda sana mwaka huu. Aliyeniambia ni jirani.