Muujiza Tuliopewa Luanda Kotieno

Kaka yangu alizama pamoja na mwenzake wakivua omena ziwani. Boti yao ilipatikana karibu na Luanda Kotieno, imepinduka, lakini wao hawakuonekana. Mama alitoka mtaani kwetu Manyatta na leso moja na Biblia, nami nikamfuata. Tulimkuta mama wa yule kijana mwingine ameshafika, ameketi ufuoni, anatazama magugu maji yaliyofunika ziwa.

Watu wa kanisa letu walikuja na maturubai na sufuria. Mchungaji akasema Mungu anaweza kuwatoa hai, tena siku ya tatu, kama alivyomfufua Mwanawe. Siku ya tatu ikaja, ikapita, akageuza maneno: saa ya Mungu si saa yetu. Nilimchukia. Kila mvuvi pale alijua maji humfanya nini mtu, na hakuna aliyethubutu kumwambia anyamaze.

Jioni ile Mama alibadilisha ombi lake, kwa sauti, mbele ya wote. "Baba, sikuombi uhai wake tena. Nipe tu mwili nimpeleke nyumbani." Kwetu kijana asipozikwa nyumbani, mama yake halii akamaliza.

Mchungaji alimkemea kwa upole. "Mama, usimpunguzie Mungu kazi."

"Pastor, nimechoka. Hata hii ndogo itanitosha."

Siku chache baadaye upepo uligeuka, magugu yakasogea, wavuvi wakamwona kaka yangu. Hakuwa mtu wa kutazamwa. Tulimtambua kwa mshipi wa suruali. Mama akapiga magoti kwenye matope, akamshukuru Mungu kwa furaha, furaha kabisa, nami nikakasirika. Nikamwambia upepo wa ziwa hugeuka kila mara.

"Na nani anaugeuza?" akaniuliza, huku akimfunika kwa leso yake.

Tukamzika nyumbani. Jumapili iliyofuata Mama alisimama kanisani kutoa ushuhuda. "Mungu amenirudishia mtoto wangu," alisema, na watu wakapiga makofi. Mama wa yule kijana mwingine alikuwa benchi la mbele. Alipiga makofi pia. Wake alikuwa bado ziwani.

Baada ya ibada alitungoja mlangoni, akamshika Mama mkono. Nilitafuta wivu usoni mwake, sikuuona.

"Mama, uliomba aje?" aliuliza. "Niambie venye ulisema, na mimi niseme hivyo hivyo."

Mama akamwambia, polepole, naye akayarudia neno kwa neno, macho ameyafumba. Alipofika pale pa kusema haombi uhai tena, midomo yake ilisimama. Alifungua macho, akamwachilia Mama mkono.

"Wacha ningoje kidogo," alisema.